Baridi ya mlimani na maziwa ya mama mkwe

Bamama wapenzi, mliuliza kwa nini viti vyetu viwili vilikaa bure Jumamosi mbili mfululizo kwenye mkutano wa shirika. Wengine walidhani tumekosana na mtunza sanduku. Hapana. Tulikuwa mlimani kwa mama mkwe, tunakula vya mlimani na kutetemeka kwa baridi ya mlimani. Leo tunatoa ripoti.

Sisi tunaosema hapa ni wake wa ndugu wawili. Mmoja ni mwalimu wa shule ya msingi, ndiye anayeshika kalamu. Mwenzake ni mshonaji kule Kadutu. Mwalimu alizaliwa Uvira, mahali ambapo hata usiku shuka ni mzigo. Mshonaji alikulia hapa hapa Bukavu. Kati yetu tuna watoto 7. Miaka yote ya ndoa zetu tulikuwa tunapanda kwa mama mkwe kwa ajili ya msiba, arusi, au Noeli ya siku moja, na kurudi kabla giza halijaingia. Kukaa kwake wiki mbili nzima pamoja na watoto, hatukuwa tumefanya hata mara moja.

Wazo lilitoka kwa mtoto. Kitabu chake cha kusoma kina picha ya majira manne, na kwenye picha ya baridi kuna watoto wamevaa triko na kofia, mlima nyuma yao, mama anawapa kikombe cha kitu cha moto. Akauliza: "Na sisi, baridi yetu iko wapi?"

Swali kama hilo mwalimu hawezi kuliacha lipite. Bukavu iko kusini ya ikweta, digrii 2 na nusu tu, kwa hiyo mwezi wa 7 jua liko upande wa kaskazini, na nchi za kusini kabisa zinauita mwezi wa baridi. Lakini karibu na ikweta namna hii jua peke yake halibadilishi mengi. Baridi yetu inatengenezwa na kimo na kiangazi. Kila ukipanda mita 100, joto linapungua kadiri ya digrii 0.6. Uvira haifiki mita 800 juu ya bahari, Bukavu ni karibu 1,500, na nyumba ya mama mkwe iko kwenye 2,000. Fanyeni hesabu: kwa mtu wa Uvira hiyo ni tofauti ya digrii 7 na zaidi, kabla hata upepo haujaanza. Halafu usiku wa kiangazi mbingu zinakuwa wazi, hakuna wingu la kufunika, na joto lote la udongo linatoroka juu. Basi tukamjibu mtoto: baridi yetu iko kwa tate yenu, na safari hii tutaenda kuilala.

Tulipanda gari ndogo asubuhi, tukapita Mudaka wakati bamama wanapanga mitumba na ndizi zao sokoni, tukafika Miti. Pale tuliacha barabara ya Kavumu, tukageuka kushoto kuelekea mlima. Vumbi la mwezi wa 7 mnalijua. Tulipita mashamba ya chai, tukaona miti ya kinini, na dereva alipotushusha ilibaki saa moja ya kutembea, mizigo kichwani, mtoto mdogo mgongoni. Njiani tulipishana na bamama wanaoshuka na magunia ya viazi na shu, kamba kwenye paji la uso, shingo zimekaza. Walitusalimu wakicheka kwa sababu tulikuwa tunahema na tulibeba nguo tu. Mmoja wetu alikumbuka jinsi wiki iliyopita alivyogombana sokoni kwa ajili ya bei ya shu moja, akanyamaza hadi tulipofika.

Mama alikuwa anatungoja kwenye ua. Nyuma yake, mbali, mlima Kahuzi ulikuwa umevaa ukungu. Watoto walitaka kujua kama masokwe wako pale. Wako, ndani ya hifadhi ya Kahuzi-Biega, ile iliyoanzishwa mwaka 1970 na kubeba majina ya milima yake miwili. Kahuzi unafika mita 3,308. Kuingia kunalipiwa, na mfuko wetu haukuruhusu, kwa hiyo masokwe tuliwaachia milima yao.

Sasa chakula. Jioni ya kwanza Mama alipika ugali wa mtama uliochanganywa na mihogo, maana mtama ndio ulikuwa unavunwa, na maharagi mapya yaliyopikwa na viazi vitamu katika chungu kimoja. Ugali huo una rangi ya udongo mwekundu. Watoto wetu wa mjini, waliozoea ugali mweupe wa unga wa gunia, walitazamana. Mmoja akauliza kwa sauti kama umeungua. Tulimkanyaga mguu chini ya meza. Lakini njaa ya mlimani si njaa ya mjini. Siku ya tatu walikuwa wanagombania ukoko.

Mwalimu aliwaambia, maana mwalimu hata vakansi anafundisha, kwamba maharagi, mihogo, mahindi, viazi vitamu na viazi vya kizungu vyote asili yake ni Amerika, vilivuka bahari miaka mia chache tu iliyopita. Mtama na ulezi ndio wa Afrika tangu kale. Mama alisikiliza vizuri, akasema: "Kumbe mimi napika wageni kila siku." Akaendelea kusonga.

Tulikula vizuri, bamama, hatufichi. Viazi vya kizungu vya bondeni, vidogo, vimechemshwa na ganda na kuchovywa katika chumvi na pilipili. Sombe iliyotwangwa asubuhi na kupikwa hadi jioni, na mawese yanayotoka Bunyakiri, upande wa pili wa mlima ambako kuna joto na michikichi. Lengalenga. Uyoga mara moja tu, kwa sababu si majira yake. Sambaza wakavu kutoka ziwani, walionunuliwa Mudaka. Kasiksi ilikuwa haba. Ugonjwa wa kunyauka umeua migomba mingi, na mashina matatu ya nyuma ya nyumba tuliyakuta yameoza, Mama ameyakata mwenyewe na kuyafukia kama alivyoelekezwa na watu wa kilimo.

Usiku baridi iliingia kwa kila tundu. Watoto 7 walilala kwenye mikeka miwili iliyounganishwa, chini ya bulangeti nne, kila mmoja na kiazi cha moto kutoka majivuni mkononi. Walikishika hadi kipoe, halafu wanakila. Waliomba tuwawekee mbabula ya makala ndani ya chumba. Tulikataa, na hapa tunaomba mtusikilize: moshi wa makala usioonekana unaua watu usingizini katika chumba kilichofungwa, bila harufu, bila kukohoa. Mbabula ikae nje au jikoni penye hewa. Watoto wakae pale hadi wasinzie, kisha wabebwe kitandani.

Tumefika kwenye jambo lililotufanya tuandike.

Mama ana ng'ombe mmoja, mwekundu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Shemeji yetu mdogo ndiye anayemkamua. Wakati wa kiangazi nyasi ni kavu, ng'ombe hatoi mengi: lita 2, siku nzuri 2 na nusu. Maziwa hayo Mama anayamimina katika kibuyu chake cha zamani, anayaacha siku mbili au tatu yachachuke na kuganda yenyewe, anaondoa mafuta ya juu kwa ajili ya siagi, kisha anachuja maji kwa kitambaa. Kinachobaki ni mashanza. Wenye asili ya Bushi hawahitaji maelezo. Kwa wengine: ni jibini laini, nyeupe, yenye uchachu, inaliwa na ugali wa moto au viazi, chumvi kidogo juu. Waume zetu wakiizungumzia macho yao yanabadilika.

Mama alikuwa ametutunzia maziwa ya siku tatu. Alileta bakuli kubwa siku ya pili asubuhi na kuliweka mbele ya wajukuu kwa mikono miwili.

Sisi wawili tulitazamana. Mwaka uliopita mwalimu mwenzetu wa shuleni aliugua homa iliyokuwa inarudi kila jioni, na viungo kuuma, na jasho la usiku. Alitibiwa malaria, akatibiwa tifoidi, miezi ikapita, akauza baiskeli yake. Mwisho daktari mmoja akamuuliza kama anakunywa maziwa mabichi, akapimwa, ikaonekana ni brusela, ugonjwa wa ng'ombe na mbuzi unaoingia kwa mtu kupitia maziwa yasiyochemshwa au kwa kushika damu na kondo la mnyama anapozaa. Kifua kikuu cha ng'ombe pia kinaweza kupita njia hiyo hiyo ya maziwa. Na uchachu peke yake hautoshi kuua vijidudu vyote hivyo.

Tulipaswa kwenda kwa Mama jikoni, tupige magoti karibu na moto, tuseme wasiwasi wetu kwa heshima. Hatukufanya hivyo. Tuliwaita watoto nyuma ya nyumba na kuwanong'oneza waseme wameshiba. Mnajua mwisho wake. Mtoto wa miaka 5 alirudi mbio na kumwambia bibi yake, kwa sauti ya kengele ya shule: "Tate, Mama amesema maziwa yako yana ugonjwa!"

Mama hakujibu. Alichukua bakuli, akafunika kibuyu na kukirudisha mahali pake ukutani. Siku hiyo na siku iliyofuata tulikunywa chai ya rangi. Alipika kama kawaida, aliwacheka watoto kama kawaida, lakini kwetu sisi alisema tu "mlale vizuri" na "mmeamka?" Baridi ya siku mbili hizo haikuhusu kimo.

Usiku wa pili, watoto wamelala, tulikwenda jikoni sote wawili. Mshonaji ndiye aliyeanza, yeye ana ulimi mtamu kuliko mwalimu. "Mama, tumekukosea. Tulisema pembeni jambo ambalo tulipaswa kulisema mbele yako."

Mama aligeuza kuni kwanza. Kisha akasema: "Maziwa hayo ndiyo yaliyowalea waume zenu. Wamekufa?"

"Hapana, Mama."

"Basi semeni jambo lenyewe."

Tulimweleza habari ya mwenzetu, homa ya jioni, miezi, baiskeli. Hapo alisikiliza kwa namna nyingine. Aliuliza kama mwenzetu huyo alikuwa anaumwa kiuno. Tukasema ndiyo, sana. Akakaa kimya muda mrefu, halafu akataja jirani mmoja wa zamani aliyekuwa anakamua ng'ombe wengi na aliyekuwa na homa kama hiyo hadi akazeeka nayo, na ng'ombe wake walikuwa wanatupa mimba. Walisema amerogwa. Sisi hatukumwambia ilikuwa nini, kwa sababu hatukumpima mtu huyo wala ng'ombe wake, lakini tunajua kwamba ng'ombe kutupa mimba ni moja ya dalili za brusela.

Tukadhani imekwisha. Tukasema: basi tuchemshe maziwa, yapoe, tufanye mashanza ya watoto. Hapo ndipo tulipoona ukuta wenyewe. Mama alivyolelewa, maziwa yakichemshwa juu ya moto, ng'ombe anakauka. Mama yake alimwambia hivyo, na mama wa mama yake. Alisema bila hasira: "Nyinyi mtashuka mjini. Ng'ombe akikauka nitabaki naye mimi."

Bamama, mwalimu ana diploma ya chuo cha ualimu na alikuwa na majibu mengi mdomoni. Aliyameza. Maana Mama alikuwa na haki katika jambo moja: ng'ombe huyo ndiye akiba yake, ndiye ada ya shule ya shemeji, ndiye daktari wake. Si mali ya kufanyia masomo. Mshonaji akauliza kama inawezekana kuchemsha kidogo tu, kopo moja la maziwa ya jioni, na kumwangalia ng'ombe. Mama akafikiri. "Kopo moja," akasema. "Na nitampima mimi."

Kulikuwa na kizuizi kingine. Maziwa yaliyochemshwa hayagandi vizuri yenyewe, yanahitaji mbegu. Mama alitaka kutia kijiko cha mashanza yake ya kibuyuni, na ilibidi tuseme tena, safari hii mbele yake, kwamba mbegu ya maziwa mabichi ingerudisha vijidudu vile vile tulivyoua kwa moto. Alicheka kwa mara ya kwanza tangu siku mbili. "Nyinyi mna kazi!" Tulipiga simu mjini, na Jumamosi waume zetu wakapanda na kopo dogo la yogati ya dukani. (Mmoja wao, kabla hajavua hata koti, alichukua kibuyu na kumeza maziwa mabichi mbele ya watoto wote 7, baada ya wiki nzima ya maelezo yetu. Tutazungumza naye siku nyingine.)

Tulifanya hivi. Maziwa yalichemka hadi yakapanda, tukaendelea kuyakoroga kidogo, tukaepua. Tuliyaacha yapoe hadi kidole safi kinaweza kukaa ndani na kuhesabu 10 bila kuungua. Tukatia kijiko cha yogati, tukakoroga, tukafunika sufuria ya chuma kwa kifuniko, tukaizungushia bulangeti na kuiacha karibu na mafiga usiku kucha, maana mlimani bila joto hilo haigandi. Asubuhi ilikuwa imeganda. Tukaimimina katika kitambaa kilichochemshwa, tukaining'iniza hadi mchana, maji yakatoka, tukatia chumvi. Kijiko kimoja cha maziwa yaliyoganda kiliwekwa pembeni kabla ya kuchuja, kiwe mbegu ya kesho.

Mama alionja kwa ncha ya kidole. Akaonja tena. "Ni laini," akasema. "Ni ya watoto na wagonjwa. Si mashanza." Kisha akawapa wajukuu, wakalamba bakuli.

Jioni hiyo alikwenda mwenyewe kwenye kukamua, na kopo lake lile lile. Akapima. Lita 2 na kidogo, kama jana. Kesho yake akapima tena, na kesho kutwa. Hakutuambia matokeo, tulikuwa tunamwona tu anatazama ndani ya kopo, anamtazama ng'ombe, anarudi. Siku ya nne alileta maziwa ya jioni yote, si kopo moja, akayaweka karibu na moto na kusema: "Haya, mwalimu, chemsha." Ya asubuhi aliendelea kuyamimina katika kibuyu chake. Hatukusema neno. Ni mzee, ni kibuyu chake, na tumempa habari zote tulizo nazo.

Siku mbili za mwisho binti yetu mkubwa, wa miaka 13, hakutoka jikoni. Mama alimfundisha kutikisa kibuyu kwa siagi, goti moja chini, polepole mwanzoni na haraka mwishoni, akisikiliza sauti inavyobadilika. Sisi wawili, miaka 14 na 9 katika ukoo huo, hatukuwahi kufundishwa, na kusema kweli hatukuwahi kuomba. Mshonaji alijaribu, akamwaga. Mwalimu alishikilia kuandika.

Tulishuka na gunia la viazi, mtama kilo 5, na midomo iliyopasuka kwa upepo. Wiki hii, Jumanne, dereva wa taksi-moto alitupigia honi mlangoni. Alikuwa na kikapu kutoka kwa Mama, kimefungwa kwa majani ya migomba, na ndani vitambaa viwili vya mashanza vimefungwa fundo. Hakukuwa na barua, Mama haandiki. Alikuwa amemwagiza dereva maneno, na dereva aliyasema kama mtoto anayesoma somo lake: kilichofungwa kwa uzi mweupe ni cha waume zenu, kimetoka kibuyuni, chenye uzi mwekundu kimechemshwa, ni cha watoto. Na mwalimu amrudishie vitambaa, vyote viwili.